Sailensa haizibwi kwa stilwaya: kupunguza kelele za pikipiki ukiwa nyumbani

Kijana mmoja wa bodaboda alituletea Boxer yake karakanani akilalamika kuwa haipandi mlima. "Mwalimu, juzi tu ilikuwa inapanda na abiria wawili," akasema. (Hao abiria wawili ni kesi nyingine, tuiache.) Niliinama nyuma nikaweka kiganja mbali kidogo na tundu la moshi. Upepo ulikuwa hafifu kama wa mtu anayepuliza chai. Tukamulika kwa tochi: ndani kumeshindiliwa stilwaya ya kusugulia masufuria, na mlangoni imechomelewa washa, yaani pete bapa ya chuma, ili isitoke. Kisa chenyewe, majirani walikuwa wamemchosha kwa maneno kila alipoiwasha saa kumi alfajiri.

Nia yake ilikuwa njema. Wengi huleta pikipiki kwa shida ya kinyume, wametoboa sailensa ili ingurume, wakiamini kelele ndiyo nguvu. Lakini huyu naye alikuwa ameanza kuiua injini bila kujua.

Pikipiki nyingi za boda zina silinda moja na injini ya mapigo manne, maana yake mafuta yanalipuka mara moja kila kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 3,000, sawa na 50 kila sekunde. Kila mlipuko ukiisha, vali ya kutolea moshi inafunguka na hewa ya moto inachoropoka ikiwa bado na msukumo mkubwa. Huo mchoropoko ndio mlio tunaousikia. Sailensa, lile kopo nene la mwisho wa ekzosi, imegawanywa ndani kwa kuta za bati kuwa vyumba, na vyumba vimeunganishwa kwa vibomba, vingine vyenye matundu. Mlio ukiingia unagonga ukuta, unarudi, unakutana na mwingine unaokuja, na yote miwili inafifia. Moshi wenyewe unapenya na kwenda zake.

Ukiziba tundu, moshi nao unakwama. Na hapa hesabu huwadanganya watu: tundu la milimita 20 ukilipunguza hadi milimita 10, hujabakiza nusu ya njia, umebakiza robo. Moshi unabaki ndani ya silinda, mchanganyiko mpya wa hewa na petroli unakosa nafasi, nguvu inapotea, na vali ya kutolea moshi inachemka kupita kiasi. Stilwaya kwa upande wake ni nyuzi nyembamba mno. Joto la moshi linazila, zinakatika na kurushwa nje vipandevipande. Spongi na matambara ndiyo kabisa usiguse, yanaweza kuwaka moto.

Basi kelele inapunguzwaje? Anza mbele, kwenye injini, si nyuma. Pale bomba linapoingia kwenye silinda kuna gasketi ya duara, ile pete inayobanwa katikati ili moshi usivuje. Ikichoka, moshi unavujia hapo kabla haujafika kwenye sailensa, na mlio unakuwa mkavu, tak-tak-tak, hasa injini ikiwa ya baridi. Tafuta masizi meusi kuzunguka nati. Dalili nyingine ni pikipiki kupiga risasi unapoachia mafuta, kwa sababu hewa ya nje inanyonywa kupitia uwazi huo na kukutana na petroli ambayo haijaungua.

Ili kuhakikisha, toa pikipiki nje, maana moshi wake una kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu, na chumba kilichofungwa si mahali pa jaribio hili. Injini ikiwa bado ya baridi, iwashe, mwenzako aliyevaa glavu azibe tundu la nyuma kwa kitambaa kilicholowa kwa sekunde mbili tatu tu. Panapovuja patatoa sauti ya "psss". Kama ni kwenye gasketi, weka mpya, na kaza nati mbili kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, bomba linakaa mshazari na stadi, ule msumari wenye nyuzi unaoshika nati, inaweza kukatika, na stadi ikikatikia ndani ya silinda utamtafuta fundi tu.

Kama panavuja kwenye kopo, mara nyingi ni kutu, na kutu hiyo ilianzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Kwa safari fupifupi ekzosi haipati moto wa kutosha kuyakausha, hivyo yanatulia chini ya sailensa na kuila polepole. Ndiyo maana viwanda vingi huacha kitundu kidogo upande wa chini. Nimeona watu wakikichomelea wakidhani ni tobo la kutu. Kiache, ni njia ya maji.

Tobo la kweli lizibwe kwa kiraka cha bati jeusi. Usitumie kipande cha bati la kuezekea: lina zinki, na moshi wa zinki inapochomelewa unamletea fundi homa na kifua kubana. Fungua ekzosi yote kabla ya kuchomelea. Kuchomelea umeme ikiwa bado kwenye pikipiki kunaweza kuunguza mfumo wa umeme, na tangi la petroli liko jirani hapo. Ukitikisa kopo ukasikia vitu vinacheza ndani, kuta zimeachia. Nunua sailensa nyingine ya aina ya pikipiki yako, utapumzika.

Zile sailensa za mapambo huwa na bomba moja lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo. Hizo pamba yake huisha, na unaweza kuibadilisha mwenyewe kwa pamba maalumu ya ekzosi inayostahimili joto. Vaa glavu na barakoa, inawasha ngozi na koo.

Tanzania ina kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwa hiyo kelele si suala la majirani peke yao. Dereva mwenyewe ndiye anayezibeba kutwa nzima. Wataalamu wa usalama kazini hukadiria kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda huo unakatwa nusu.

Yule kijana tulimkatia washa, tukatoa stilwaya yote kwa koleo. Gasketi ilikuwa imebanwa hadi imekuwa nyembamba kama karatasi, na nati moja imelegea. Tukabadilisha. Mlio ulishuka kuliko alipokuwa ameziba, na mlima akaupanda. Nilimwambia arudi baada ya siku mbili, injini ikiwa imepoa, tukaze nati tena, kwa sababu gasketi mpya ikipata moto hubonyea kidogo.