Kwa nini mtu haenei kwenye fungu moja

Kumweka mtu kwenye fungu ni kuchukua jambo moja linalomhusu, kama kabila, dini, lafudhi au kazi, kisha kulitumia kujibu maswali yote mengine juu yake. Katokea Kigoma? Basi mchawi. Anaongea Kiha, lugha ya Waha wa huko Kigoma? Basi Mrundi huyo.

Mafungu yenyewe hayana ubaya. Nesi lazima ajue umri wako, na muuza samaki lazima ajue nani analipa na nani anakopa akapotea. Kila fungu lina swali lake. Balaa huanza pale jibu la swali moja linapohamishiwa kwenye swali lingine.

Tuseme mama muuza migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Baba yake Mmanyema wa Ujiji, mama yake Mbembe aliyevuka ziwa, yeye kazaliwa Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini. Asubuhi anapatana bei kwa Kiha na wachuuzi wa Kasulu. Boti ya Congo ikifika anahamia Kiswahili cha ng'ambo, mpaka mabaharia wanamwita dada yao. Adhuhuri anaswali. Jioni ndiye mweka hazina wa kikoba, na hapo hana utani na mtu. Siku akifuatilia kitambulisho anaulizwa, "Mama, wewe si Mkongo?" Akisema ndiyo, kadanganya. Akisema hapana, ni kama kamkana mzazi wake.

Na huo Umanyema wa baba yake nao si fungu moja. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilileta Ujiji watu wa makabila mengi ya mashariki ya Congo: Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na wengineo. Wengi walisilimu, wakakizoea Kiswahili, na mji ukawaita wote Wamanyema. Wajukuu zao wengi hujitambulisha kwa jina hilo hilo.

Mpaka wa Tanzania na Burundi nao una yake. Muha wa Manyovu, karibu na mpaka huo, na Mrundi wa upande wa pili wanaelewana bila mkalimani. Hadi Vita ya Kwanza ya Dunia wote walikuwa chini ya Mjerumani. Baadaye Mwingereza akachukua Tanganyika, Mbelgiji akachukua Urundi, ndiyo Burundi ya leo. Kumpima mtu uraia kwa lafudhi yake, katika nchi ya namna hiyo, ni uvivu tu.

Sensa ya 1967 iliuliza kabila. Ya 2012 na ya 2022 hazikuuliza. Wapo wanaodhani swali lenyewe limekufa. Peleka posa Ujiji uone! Wazee watakuuliza kabila, ukoo, na babu yako alizikwa wapi, tena wana haki, maana wanachotafuta ni kama wewe na binti yao si ndugu.