Tangazo linalokiri upungufu wake

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi ninayepata riziki kwa kutembeza bidhaa za watu nimeutafakari sana msemo huo, maana umembeba msikilizaji wa tangazo mzimamzima: akisikia unajisifu, anaanza kujiuliza unaficha nini. Hata kama huna unachoficha.

Mtu akishatambua kwamba anashawishiwa, hubadilika. Anaacha kusikiliza habari yenyewe na kuanza kumchunguza anayeisema. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani ubunifu ni kupamba tu. Picha kali na maneno matamu vinaweza kumzidishia shaka badala ya kuiondoa.

Dawa ninayoipenda kuliko zote ni kukiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya magari ya kukodi ya Avis, huko Marekani, ilikuwa imekaa miaka mingi bila faida, nyuma kabisa ya Hertz, mshindani wake aliyeongoza soko. Mwaka 1962 wakala wa matangazo Doyle Dane Bernbach akaiandikia tangazo lililokubali waziwazi kwamba Avis ni namba mbili tu. Sasa kwa nini mteja aje kwao? Kwa sababu wanajitahidi zaidi. Aliye wa pili, likaeleza, hawezi kuthubutu kumpa mtu gari lenye kisahani kichafu cha majivu ya sigara, wala tangi lililojaa nusu. Likamalizia kwa kusema foleni kwenye kaunta yao ni fupi. Haukupita muda mrefu kampuni ikarudi kwenye faida.

Nakuomba ukitazame hicho kisahani. Ukisema "tunawajali wateja", hakuna anayeona kitu. Kisahani kichafu unakiona, karibu unakinusa, na kinabaki kichwani. Halafu ile foleni: ni fupi kwa sababu wateja ni wachache! Udhaifu uleule umegeuzwa kuwa sababu ya kuja. Saikolojia, yaani elimu ya jinsi watu wanavyofikiri na kuhisi, ingeweza kumwambia mwandishi wa tangazo akiri, lakini isingempa kisahani wala foleni. Hivyo viwili alivitafuta mwenyewe.

Upande wa pili, kuna jambo ambalo ubunifu peke yake haukuonyeshi. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi kanda za mtu anayejibu maswali ya chemshabongo. Katika baadhi ya kanda alipatia asilimia 92 ya maswali, katika nyingine asilimia 30 tu. Katika nusu ya kanda, mwishoni alisikika akijimwagia kahawa. Yule hodari aliyejimwagia kahawa alipendwa zaidi kuliko hodari asiyemwaga kitu. Yule wa asilimia 30 alizidi kushuka.

Somo hilo nililijua kwa vitabu kabla halijaniuma. Niliwahi kuandika tangazo la programu mpya ya hesabu za biashara ndogo. Mstari wa kwanza ulikiri kwamba mtu anahitaji siku mbili kuizoea. Niliona nimefanya kazi safi. Watu wakasoma, wakaondoka. Na walikuwa na haki: bidhaa isiyojulikana na mtu ilikuwa inajimwagia kahawa kabla haijajibu swali hata moja. Tukaugeuza mpangilio. Kwanza tukaonyesha ukurasa mmoja wa programu, wenye orodha ya wadaiwa wote ikiwa imejipanga yenyewe, aliyechelewa zaidi juu. Zile siku mbili zikaja chini yake. Maswali ya wanunuzi yakaanza kuingia, na mengi yalihusu hizo siku mbili: je, kuna wa kuwasaidia?

Kukiri kwenyewe lazima kuwe kwa kweli na kuume kidogo. Anayesema kosa lake ni kupenda ubora kupita kiasi anajisifu tu kwa mlango wa nyuma, na msomaji anamjua.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijaandika neno, namuuliza mwenye bidhaa: wanaokukimbia, wanakimbia nini? Wengi hunyamaza kwanza. Wengine hunipa jibu lililopigwa pasi, nami husubiri. Likija lile lenyewe, naliandika juu ya karatasi kama lilivyotamkwa, bila kulirembesha, na chini yake naanza kutafuta kisahani changu.