XSS si kudukuliwa kwa seva

Hapa Nairobi, tovuti ya Sacco au ya kanisa ikianza kuwarusha wageni wake kwenye kurasa za kamari, jibu la mafundi ni lilelile: "Seva imedukuliwa." Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingine ni XSS, na mwenye tovuti anauziwa seva mpya, nywila mpya na cheti cha SSL (kinachosimba mawasiliano kati ya tovuti na msomaji), analipa kwa M-Pesa, kisha kamari inarudi.

XSS (cross-site scripting) ni udhaifu unaomwezesha mtu baki kupachika msimbo wake, kwa kawaida wa JavaScript, katika ukurasa wa tovuti isiyo yake, kwa kuwa programu ya tovuti imepokea maandishi yake na kuyaonyesha bila kuyachuja. Basi.

Kinachosahauliwa ni mahali msimbo huo unapofanyia kazi. Seva hauigusi. Katika kisa kama hiki unalala tu kwenye hifadhidata kama maandishi mengine, na kila anayefungua ukurasa anapewa. Anayeutekeleza ni kivinjari cha msomaji, kwenye simu yake mwenyewe, nacho hakiwezi kuutenga na msimbo halali maana yote imetoka anwani moja. Kufuli la SSL linalinda njia, si kilichobebwa. Nywila mpya nayo haifuti kilicholala kwenye hifadhidata.

WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ilionja hili Aprili 2015. Mtu aliandika maoni yanayozidi kilobaiti 64. Yakapita kwenye mchujo, kisha MySQL, hifadhidata yake, ikayakata mkia wakati wa kuyahifadhi. Kilichobaki kilikuwa HTML (lugha ya kuunda kurasa) iliyovunjika, na skripti ikapata upenyo. Msimamizi akiufungua ukurasa huo akiwa ameingia kwenye akaunti yake, skripti inatenda kwa mamlaka yake: inaunda msimamizi mwingine, inahariri faili za plagini (programu ndogo zinazoongezwa kwenye WordPress). Hapo seva imeguswa, naam, lakini kupitia kivinjari cha mwenye funguo. Toleo la 4.2.1 likaziba. Siku hizi udhaifu wa aina hii hukutwa zaidi kwenye plagini kuliko kwenye WordPress yenyewe, hasa zile za fomu zilizosakinishwa na kusahauliwa.

Kwa hiyo, ndugu fundi, "seva imedukuliwa" tuiseme faili zake zinapokutwa zimechezewa. Kama skripti imekutwa ndani ya maandishi ya mgeni, hiyo ni XSS: safisha hifadhidata, kisha tafuta plagini iliyoyaonyesha bila esc_html, amri ya WordPress inayofanya alama za HTML zionekane kama maandishi tu.