Oili ya gari jipya la porini usisubiri iwe nyeusi

Jamani hili neno nalisikia sana hapa Mwanza, eti gari jipya usiliguse oili mpaka uione imekuwa nyeusi au kilomita 10,000 zifike. Sio kweli kwa kila gari, fuata kitabu chake, na kwa gari la porini ndo linaweza kuumiza injini kabisa.

Injini mpya vyuma vyake bado vinazoeana, vinasagana na kutoa unga mwembamba unaozunguka na oili, ndo maana baadhi ya pikipiki za matairi manne kitabu chake kinataka oili ya kwanza imwagwe kwenye masaa 20 au 25 tu ya kazi. Masaa, sio kilomita! Ukikwama kwenye mchanga wa ufukweni kule Kayenze unakanyaga moto nusu saa na mita haijasogea hata kilomita moja, ila oili imechemka vilevile.

Na rangi inadanganya, oili ya injini ya dizeli inakuwa nyeusi mapema kwa sababu ya masizi na bado ni nzima. Ya kuogopa ni ikifanana na chai ya maziwa, hapo maji yameingia, usiwashe tena.

Kumwaga: pasha injini dakika chache, egesha pa tambarare, zima, fungua bolti ya chini oili imwagike, badili na filta na washa (ile pete ndogo) ya bolti hiyo, jaza kwa kipimo cha kitabu, washa injini kidogo, zima, subiri ndo upime tena. Oili chafu weka kwenye dumu, mtaro wetu unaishia ziwani na samaki tunawala sisi.