Wekundu wa mchoro wa MT si moto

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kikao Upper Hill, Nairobi, ukutani kukiwa na mchoro wa ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyopinga umeme, uliotokana na vipimo vya MT (magnetoteluriki). Mzee mmoja anayetaka kuwekeza kwenye jotoardhi akaweka kidole kwenye doa jekundu: "Injinia, si moto ndio huu? Tuchimbe hapa." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, hata kutoka kwa watu waliosomea jiolojia.

Rangi ile niliichagua mimi kwenye programu. Maana yake ni moja: hapo umeme unapita kwa urahisi, ukinzani uko chini ya omu-mita 10 hivi. MT haipimi joto. Inapima jinsi ardhi inavyoitikia mabadiliko ya usumaku yanayoletwa na radi za mbali na upepo wa jua (chembe zinazorushwa na jua), basi.

Katika Bonde la Ufa, kinachopitisha umeme namna ile aghalabu ni smektaiti, udongo unaozaliwa maji moto yanapotafuna miamba ya volkeno. Udongo huo hustahimili joto lisilozidi nyuzi 200 hivi. Chini zaidi, joto likipita nyuzi 230, madini ya kloraiti na epidoti huchukua nafasi yake na ukinzani hupanda tena. Kwa hiyo mvuke mnaoutafuta uko chini ya wekundu, pale mchoro unapoanza kuwa kijani. Smektaiti ni kifuniko cha sufuria, na chakula hakipikwi kwenye kifuniko!

Linaloniumiza zaidi ni hili: mwamba ukipoa, udongo haurudi kuwa lava. Unabaki. Mfumo uliozimika zamani unaweza kunichorea kifuniko kizuri kabisa, na chini yake ukinzani ukipanda vilevile kama kitabuni. Kwa MT peke yake siwezi kujua kama sufuria bado iko jikoni. Nahitaji gesi za fumaroli (matundu ya ardhini yanayotoa mvuke), mitetemeko midogo, na mwishowe kisima chenye kipimajoto ndani.

Usafishaji wa data sitakaa nao: acha vifaa usiku kucha, na weka kituo cha marejeo, yaani kifaa cha pili cha kulinganishia, mbali na nyaya za stima na pampu za mashamba ya maua ya Naivasha. Karibu na herzi 1 mawimbi ya asili ni hafifu, usitegemee miujiza.

Ila mhamo tuli unaninyima usingizi. Kipande kidogo cha udongo karibu na elektrodi kinapandisha au kushusha mkunjo mzima wa ukinzani kwenye grafu bila kugusa fezi (mpishano wa mawimbi ya umeme na ya usumaku). Tunasahihisha kwa TEM, kipimo kingine cha ukinzani kinachotumia waya uliotandazwa juu ya ardhi, lakini kwenye makorongo TEM nayo hukosea. Nimewahi kushusha mkunjo mmoja, na kina cha kifuniko kikasogea mamia ya mita. Tena MT huona vizuri unene wa tabaka ukizidishwa kwa upitishaji wake wa umeme. Kutenganisha hivyo viwili ni kazi ngumu.

Nilimwonyesha mzee pale wekundu unapoinuka kama nundu, kisha nikateremsha kidole. Akauliza ni kina gani. Nikamjibu kati ya mita 800 na 1,300. Akataka namba moja. Sikumpa.