Positroni si bomu: antimaada inavyotofautiana na maada ya kawaida

Tangu vipimo vya PET (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa kutumia dawa yenye mionzi) vianze kutolewa katika hospitali za Afrika Mashariki, sisi wa usalama wa mionzi tumekuwa tukiulizwa kama ni kweli mgonjwa hudungwa antimaada, yaani maada ya chembe zilizo kinyume cha zile za kawaida, kana kwamba ni bomu. Hadungwi. Anachodungwa ni sukari iliyofungwa florini-18 (florini yenye mionzi), ambayo ni maada ya kawaida, ila kiini chake huoza, yaani hubadilika chenyewe, na kutoa positroni, ambayo ndiyo chembe ya antimaada inayolingana na elektroni.

Positroni ina tungamo lilelile la elektroni. Kilichogeuka ni chaji, ambayo kwa elektroni ni hasi na kwa positroni ni chanya, na ndiyo sababu katika uga wa sumaku hupinda kuelekea upande wa pili, jambo lililomwezesha mwanafizikia Carl Anderson kuitambua mwaka 1932. Nyutroni haina chaji, lakini antinyutroni ipo: imeundwa kwa antikwaki badala ya kwaki, chembe ndogo zinazounda nyutroni. Wanaodai kuwa antimaada hupaa juu wajue kwamba mwaka 2023 wanasayansi wa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, walionyesha kuwa antihidrojeni (hidrojeni ya antimaada) huanguka chini kama vitu vingine.

Positroni ikiwa peke yake haiozi. Mwilini, hata hivyo, husafiri umbali mdogo tu kabla ya kukutana na elektroni. Zote mbili hutoweka, na badala yake hutoka fotoni mbili, yaani chembe za mionzi ya gama, zenye nishati ya keV 511 (kilo-elektronivolti 511) kila moja, zikielekea pande zinazopingana, nazo mashine huzinasa kwa pamoja ili kujua zilikotoka.

Fotoni hizo ndizo tunazozidhibiti, si neno “anti”. Kwa Tanzania, chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003, kumiliki, kuingiza nchini au kusafirisha chanzo cha mionzi bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ni kosa, hata kama mhusika ana nia njema. Mgonjwa hufunga kula kwa takriban saa 6, hupimwa sukari, hudungwa, hutulia kwa takriban saa moja, kisha hukojoa kabla ya kupigwa picha. Mjamzito au anayenyonyesha atoe taarifa kabla ya kudungwa, si baadaye. Florini-18 hupungua kwa nusu kila dakika 110, hivyo mgonjwa akae mbali na watoto wachanga na wajawazito kwa saa chache kadiri atakavyoelekezwa. Kumtenga kwa wiki nzima, kama baadhi ya familia zinavyofanya, hakuna sababu yoyote.