Mama apewe mlango wake

Mteja wangu mmoja wa Goba, Dar es Salaam, alinipa kazi ya kumchorea nyumba kwa sharti moja: mama yake, mwenye miaka 78, apate chumba kizuri kuliko vyote. Nikampa. Nyuma ya nyumba, mbali na kelele za wajukuu, dirisha linatazama bustani, choo humohumo. Baada ya miezi mitatu nikapita kuangalia rangi iliyobabuka, nikamkuta mama getini kwenye kiti cha plastiki, anachambua mchicha na kupiga soga na mlinzi.

"Huko nyuma nimelazwa wodini, mwanangu," akaniambia. "Sijui kaingia nani, katoka nani."

Kilichoniuma ni kwamba jibu nilikuwa nalijua. Nimekulia kwenye nyumba ya Kiswahili, zile za Magomeni: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko, stoo na choo. Mjane mwenye nyumba anashika chumba cha mbele, vingine anapangisha. Wapangaji si ndugu zake, ila kila anayekwenda kazini lazima apite mlangoni kwake, na shikamoo haikwepeki. Siku marahaba isiposikika, mtu anagonga. Kodi inamlisha. Anawaangalia watoto wa wapangaji mama zao wakiwa sokoni, naye anachotewa maji. Kule Deventer, Uholanzi, makao ya wazee ya Humanitas yanawapa wanafunzi vyumba bila kodi, mradi wawe majirani wema saa 30 kwa mwezi. Magomeni kazi hiyo ilifanywa na korido.

Lakini sitaipamba nyumba ile. Choo kilikuwa uani, cha kuchuchumaa, na usiku wa mvua bibi mwenye magoti mabovu alikuwa anakwenda huko na kibatari. Kwa hiyo ninachokibakiza ni mpangilio wa watu. Choo nakichora upya.

Siku hizi chumba cha mama nakiweka mbele, kwenye baraza, na nakipa milango miwili: mmoja wa nje, mwingine wa kuingilia sebuleni. Komeo la huu wa pili linakaa upande wake. Anayetaka kuingia apige hodi, hata kama ndiye aliyelipia mabati. Pembeni namwekea jiko lake dogo, sinki na mtungi wa gesi nje ya ukuta, maana mzee anayengoja kuletewa chai ameshakuwa mgeni nyumbani kwake.

Mafundi wetu wanapenda kuinua msingi. Mzee anahitaji mteremko badala ya ngazi, na unaofaa unapanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele, kwa hiyo sakafu ikiwa sentimita 45 juu ya uwanja unahitaji mita 5.4. Kwenye kiwanja cha kubanana huzipati. Hili liamuliwe kabla jembe halijagusa ardhi.

Chooni ndiko ninakogombana na kila mtu. Mlango ufungukie nje. Mama akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio unaouzuia, na mnabaki mnausukuma huku analia. Fremu ya sentimita 70 iliyozoeleka haipitishi kiti cha magurudumu, nataka 90. Kiti cha choo kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48, asizame. Sehemu ya kuogea isiwe na kizingiti, maji yafuate mteremko wa sakafu, na vigae viwe vya kukwaruza. Vile vya kung'aa mnavyovipenda mkaviweke sebuleni. Koki ziwe za mpini, kwa sababu kidole chenye baridi yabisi hakizungushi koki ya duara. Halafu vishikio. Fundi mmoja aliwahi kunifungia chuma cha kutundikia taulo, akaniapia kwamba ni kilekile. Nikakining'inia mbele yake. Kikang'oka na plasta. Kishikio kinashikwa na ukuta wenyewe, na kinabeba mtu mzima anayeteleza.

Taa ya njia ya chooni iwe inawaka yenyewe mtu akipita, yenye betri ya kuhimili umeme ukikatika. Kabla sijachora lolote huwa namwomba mama alale kitandani kwake, azime taa, kisha anioneshe anavyokwenda chooni. Wanacheka kwanza. Kisha naona anashika kabati, anashika meza, anashika pazia, na ninajua pa kuanzia.

Kule Goba tulibomoa ukuta mmoja, gereji ya mbele ikawa chumba chake, mlango ukatazama geti. Mwenye nyumba analaza gari nje. Asubuhi wajukuu wanapita kwake kwanza kusukwa nywele kabla ya shule, na mchicha sasa unachambuliwa barazani. Aliyelalamika ni mlinzi.